Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kutembelea Vijiji vya Milimani Baada ya Masharti ya Safari Kulegezwa

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa kata, Wilaya ya Lushoto, Mei 2022



Barabara inayopanda kutoka Mombo, kupitia Soni hadi mjini Lushoto, imeanza tena kupandisha wageni. Wapo wanaokuja na mabegi mgongoni wakitafuta njia ya Irente au msitu wa Magamba. Wapo pia, na hao ndio wengi zaidi, wanaokuja na mchele na sukari kwa ajili ya mama mzazi: watoto wa milima hii wanaofanya kazi Dar es Salaam, Tanga, Arusha na kwingineko, ambao kwa muda mrefu waliahirisha safari ya nyumbani. Wote hao ni wageni wa vijiji, na wote wanahusika na mada hii.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo hutamkwa mlangoni kama salamu, lakini ndani yake limo sharti. Mgeni anakaribishwa ili mwenyeji apate nafuu. Ugeni unaomwachia mwenyeji ugonjwa, kijito kichafu au tuta lililobomoka umevunja sharti hilo, hata kama mgeni alikuwa mpole na aliaga vizuri. Kulegezwa kwa masharti ya safari kumefungua barabara. Kazi ya kuhakikisha mwenyeji anapona imebaki mikononi mwa mgeni na mwenyeji wenyewe.

Safari ya miaka miwili

Ni vema kukumbuka njia iliyopitiwa. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata Serikali ikatangaza kufungwa kwa shule. Mwezi Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa. Anga lilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, na shule zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni mwaka huohuo.

Hata hivyo, kufunguliwa kwa anga la nchi moja hakukutosha kurudisha wageni, kwa kuwa nchi nyingi wanakotoka zilikuwa bado zimewazuia raia wake kusafiri. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walishuka hadi 620,867. Mwaka 2021 walipanda kidogo na kufikia 922,692. Vijijini, tarakimu hizo zina sura za watu: mwongozaji aliyerudi kushika jembe kwa sababu simu yake haikuita, mama aliyekuwa akiwapikia wasafiri chakula cha mchana, na kijana aliyekuwa akiuza mapeasi kando ya njia.

Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua utoaji wa chanjo nchini kwa kuchanjwa mwenyewe hadharani. Kuanzia tarehe 17 Machi 2022, msafiri aliyeingia nchini akiwa amekamilisha chanjo hakulazimika tena kuonesha cheti cha kipimo cha UVIKO-19. Mwezi Aprili ikazinduliwa filamu ya The Royal Tour, yenye lengo la kuwaita wageni kuja kuiona Tanzania. Kwa hiyo wageni wanatarajiwa kuongezeka, na maandalizi ya kuwapokea yanapaswa kufanyika sasa, kabla foleni haijafika mlangoni.

Masharti yamelegezwa, ugonjwa haujaondoka

Wilaya ya Lushoto haihitaji kufundishwa maana ya mlipuko wa ugonjwa. Kuanzia mwaka 1980, kwa zaidi ya miaka 20, baadhi ya vijiji vyake vilisumbuliwa na tauni, ugonjwa unaobebwa na viroboto wa panya. Ulipungua na kurudi, ukatulia msimu mmoja na kuzuka mwingine. Wazee walioishi katika miaka hiyo wanajua kwamba ukimya wa miezi michache si ushahidi kuwa ugonjwa umekwisha, na kwamba familia iliyowahi kutoa taarifa ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuokoa watu wake kuliko iliyoficha.

UVIKO-19 una njia yake tofauti. Virusi vyake husafiri kwa hewa inayotoka kinywani na puani, na hujikusanya mahali palipofungwa penye watu wengi. Hapo ndipo penye jambo linalozihusu nyumba za milimani kwa namna ya pekee. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi kali Lushoto. Ndiyo pia miezi ambayo wageni wa nje hufika kwa wingi, na ambayo shule huwa na likizo. Katika majira hayo familia hukaa karibu na moto, madirisha yakiwa yamefungwa, bibi akiwa amekaa pembeni mwa mjukuu aliyeshuka basi jioni hiyohiyo. Nyumba yenye upendo mwingi kiasi hicho ndiyo inayopitisha ugonjwa kwa wepesi zaidi.

Hakuna anayetakiwa kumnyima bibi mjukuu wake. Kinachotakiwa ni kubadili mpangilio. Mazungumzo ya mchana yafanyike uani, juani. Dirisha moja liachwe wazi hata usiku, na blanketi liongezwe. Mgeni aliyeanza kukohoa au kuhisi homa kabla ya kusafiri aahirishe safari. Aliyeanza kuumwa akiwa kijijini alale chumba chake, avae barakoa anapokuwa karibu na wengine, na apelekwe kituo cha afya mapema. Mwaka 2022 chanjo ilitolewa bila malipo na kwa hiari kwa watu wazima, na mwenye wazazi wazee kijijini alikuwa na sababu ya ziada ya kuipata kabla ya kupanda basi.

Ieleweke pia kwamba zahanati na vituo vya afya vya vijijini vimejengwa kwa ajili ya mama wajawazito, watoto, malaria na majeraha ya kawaida. Mgonjwa anayehitaji kusaidiwa kupumua hulazimika kusafirishwa, na barabara za milimani, hasa wakati wa mvua, hazina haraka. Mgeni anayekuja akiwa na afya njema anamwachia nafasi mama wa kijiji hicho atakayefikwa na uchungu usiku.

Msitu na maji

Watu wamekuwa wakipanda milima hii kutafuta hewa safi tangu enzi za Wajerumani, walioupa mji wa Lushoto jina la Wilhelmstal. Msitu ndio uliowavuta, na msitu ndio unaowavuta wengine hadi leo. Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo ina mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Ua la urujuani linalokuzwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia mwaka 1893, asili yake ni misitu ya Usambara. Katika hifadhi ya Magamba wapo mbega weusi kwa weupe, na vinyonga ambao wageni husafiri masafa marefu kuja kuwaona.

Kwa mkazi, hata hivyo, thamani ya kwanza ya msitu ni maji. Miti ya milimani hunasa ukungu na mvua, udongo wake ukafyonza maji hayo na kuyatoa taratibu wakati wa kiangazi. Vijito vinavyopitia Soni huteremka hadi mto Mkomazi, na kutoka hapo hadi mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale. Mto Umba nao huanzia katika milima hii, upande wa msitu wa Shagayu, ukavuka mpaka na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga, nchini Kenya. Mgeni anayeoga kwa sabuni katika kijito cha juu anawaogea watu wengi asiowajua, na wa kwanza wao ni mtoto anayekinga ndoo mita mia chache chini yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito ili kuuepusha na shughuli zinazouharibu. Kupiga kambi, kufua na kujisaidia katika ukanda huo ni kinyume na makusudio ya sheria hiyo.

Moto ni hatari nyingine. Msitu wa milimani ulioungua huchukua miaka mingi kurudi, na mahali pengi hurudi ukiwa kichaka. Kipande cha sigara au mabaki ya moto wa kuchomea mahindi yaliyoachwa bila kumwagiwa maji yanatosha kuuanzisha. Moto uwashwe tu mahali paliporuhusiwa, na uzimwe hadi majivu yaweze kuguswa kwa kiganja.

Kuhusu taka, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji na karanga za pakiti bado zinapanda mlima na kuachwa huko. Miaka hii miwili imeongeza taka ya aina mpya, yaani barakoa. Barakoa nyingi za kutupwa zimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Haziozi, na kamba zake hunasa miguu ya ndege. Kilichopanda na mgeni kishuke naye hadi mahali penye dampo.

Njia, matuta na mashamba

Mgeni anayetazama mteremko wa kabichi, viazi na karoti huona picha nzuri. Mkulima huona jasho la vizazi. Matuta na mistari ya majani iliyopandwa kukinga mteremko ndiyo inayozuia udongo usiteremke bondeni, na juhudi hizo ziliimarishwa tangu mwaka 1981 na mradi wa SECAP, uliotekelezwa kwa ushirikiano na Ujerumani. Mtu mmoja anayekata njia ya mkato juu ya tuta huacha alama ya kiatu. Watu ishirini huacha mfereji. Mvua ya kwanza ya masika huufuata mfereji huo, na ikifika chini imekwisha kuwa korongo. Hivyo basi, wageni watembee katika njia zilizozoeleka, kwa mstari mmoja, hata kama njia ina matope. Mageti yaliyokutwa yamefungwa yafungwe tena, na tunda lililo mtini lina mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, mwongozaji wa kijijini si anasa. Anajua shamba lipi limepandwa jana, mteremko upi unateleza, na ukingo upi wa Irente si wa kukaribiwa wakati wa ukungu. Anajua pia misitu midogo ya matambiko na makaburi ya wazee, mahali ambapo mgeni haingii bila ruhusa na wala hapigi picha.

Watu na heshima yao

Picha ya mtu huombwa. Mama aliyejitwika kuni hakupanda mlima ili awe pambo la simu ya mgeni. Akikubali, vema, na akikataa, jibu lake linatosha. Mavazi ya kutembelea vijijini yawe ya heshima, hasa karibu na misikiti, makanisa na shule.

Watoto wanahitaji neno la pekee. Mgeni anayegawa pipi au sarafu njiani hudhani ametenda wema, lakini anamfundisha mtoto kwamba kumfuata mgeni kuna faida kuliko kwenda darasani. Wapo pia watoto wanaokamata vinyonga na kuwaning'iniza vijitini ili wapigwe picha kwa malipo. Kinyonga anayeshikwashikwa siku nzima hufa upesi, na kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mgeni anayetaka kusaidia elimu aende ofisi ya mwalimu mkuu au serikali ya kijiji, ambako mchango wake utaandikwa na kutumika kwa wote. Wazazi nao wana wajibu wa kuwaambia watoto jambo hilohilo nyumbani.

Fedha ya mgeni na mahali inapokwenda

Kupona kwa mwenyeji kunahusu pia mfuko wake. Lushoto ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini kuanzisha utalii wa kitamaduni, katika miaka ya 1990, kwa wazo kwamba mgeni alale, ale na aongozwe na wenyeji wenyewe. Wazo hilo lina nguvu zaidi sasa kuliko wakati wowote. Mgeni anayekuja na chakula chote kutoka mjini, akapiga picha na kushuka jioni hiyohiyo, ametumia njia, maji na amani ya kijiji bila kuacha chochote. Anayelala usiku mmoja, akanunua mboga sokoni na kumlipa mwongozaji, ameacha ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Malipo ya kuingia katika hifadhi za misitu zinazosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, na mlipaji ana haki ya kupewa stakabadhi. Anayedai fedha taslimu msituni bila stakabadhi anaiibia Serikali na kuichafulia wilaya jina. Wakazi wanaofanya kazi ya kuongoza wageni wanahimizwa kutaja bei mapema na kuiheshimu. Mgeni aliyetozwa mara mbili harudi, na huwasimulia wenzake.

Sheria zinazotoka kwa wakazi

Historia ya milima hii inatoa fundisho moja kuhusu kanuni. Katika miaka ya 1950 utawala wa Waingereza uliwalazimisha wakulima wa Usambara kujenga matuta kwa amri, na wananchi wakaupinga mpango huo hadi ukaachwa. Tuta lenyewe halikuwa baya. Leo wakulima wengi wanalijenga kwa hiari. Ubaya ulikuwa katika amri iliyoshuka bila kushauriana na mwenye shamba.

Kanuni za kupokea wageni zinapaswa kujifunza hapo. Kila kijiji kina mkutano mkuu, na mkutano huo ndio mahali pa kuamua njia zipi zifunguliwe kwa wageni, wapi pasiingiwe, kambi ipigwe wapi na taka zikusanywe na nani. Maamuzi yakihitaji nguvu ya kisheria, Halmashauri ya Kijiji inaweza kuandaa sheria ndogo, na baada ya kuridhiwa na wananchi zikawasilishwa Halmashauri ya Wilaya kwa idhini. Sheria iliyotungwa hivyo ina walinzi katika kila kitongoji.

Mambo ya kukumbuka

Kwa mgeni, wa karibu na wa mbali:

1. Asisafiri akiwa na homa, kikohozi au mafua makali.
2. Ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au kijiji anapofika, na aandikwe katika kitabu cha wageni.
3. Atumie mwongozaji wa eneo husika na atembee katika njia zilizopo.
4. Asiache taka, asioge wala kufua katika vijito, na asiwashe moto msituni.
5. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na asiwape watoto fedha njiani.

Kwa mwenyeji:

1. Aweke maji tiririka na sabuni mahali pa kuingilia, na afungue madirisha ya vyumba vya wageni.
2. Atoe taarifa mapema katika kituo cha afya iwapo mgeni au mwanafamilia ataugua. Ushauri wa afya hupatikana bila malipo kwa simu namba 199.
3. Apige 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iwapo moto umezuka, na 112 kwa Polisi katika dharura nyingine.
4. Ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji mambo ya wageni yanapojadiliwa.

Ndugu wananchi, mvua za masika zinaelekea ukingoni na baridi inakaribia. Wiki zilizobaki kabla ya Juni zinatosha kwa kijiji kuitisha mkutano, kuweka vibao vya njia, kuchimba shimo la taka na kukubaliana juu ya bei. Zinatosha pia kwa kijana aliye mjini kupata chanjo kabla ya kwenda kumwona mama yake. Kila wilaya itapata wageni mwaka huu. Wataohesabiwa kuwa wamefaidika nao ni wale ambao, wageni wakishaondoka, watakuta maji yao yakiwa safi, wazee wao wakiwa hai na mfuko wa kijiji ukiwa na kitu.